Chama cha vijana "wazawa" wa Melbourne: kilianza kwa kuzikana, kikaishia kuunda nchi

Mhazini Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha chama chetu cha kufa na kuzikana hapa mtaani. Ajenda ilikuwa moja: mwenzetu kafiwa na baba mkwe, je, mkwe yumo kwenye katiba au hayumo? Tumebishana saa mbili nzima. Mmoja anasema kifungu kimeandika "mzazi" na hakikusema mzazi wa nani. Katibu anasema tukifungua mlango huo mfuko utakauka kabla ya Pasaka. Mimi nimekaa pembeni, soda imeshapata moto mkononi, nawaza: watu wanadharau vikao vya namna hii, kumbe kuna nchi kubwa duniani ambayo sehemu ya kuundwa kwake ilipitia humu humu. Vijana, daftari la michango, na ubishi wa nani yumo na nani hayumo.

Nchi ni Australia. Chama kinaitwa Australian Natives' Association, wenyewe walikifupisha ANA. Mimi nitakiita Chama cha Wazawa. Kwa nini "wazawa" na si "wenyeji"? Hiyo ndiyo nyama ya uzi, tutaifikia. Kaeni mkao wa kula.

Tuanzie kwenye dhahabu. Mwaka 1851 dhahabu ilifumuka katika koloni la Victoria. Wakati huo koloni zima lilikuwa na walowezi kama 77,000, kondoo ndio walikuwa wengi. Mwaka 1861 hesabu imefika karibu 540,000. Waliowahi kuiona Chunya au Geita ikichemka watanielewa, ila hapa zidisha. Watu walitoka Uingereza, Ireland, Uskoti, Ujerumani, China. Wengi dhahabu hawakuipata, wakabaki hapo hapo kuwa mafundi, wenye maduka, makarani. Wakaoa. Wakazaa.

Sasa piga hesabu. Mtoto wa kwanza wa wimbi lile, mwaka 1871 ana miaka kama 18 au 19. Amezaliwa Victoria, amecheza Victoria, jua la Victoria limemchoma. Lakini kila jioni anamsikia baba yake akisema "nyumbani", na nyumbani kwenyewe ni Cornwall au Cork, mahali ambapo kijana hajawahi kukanyaga. Akienda kutafuta kazi, meneja wa benki ametoka Uingereza, jaji ametoka Ireland, mhariri ametoka London. Na wapo wazee waliosema waziwazi kwamba Mzungu akizaliwa kwenye joto lile anadhoofu mwili na akili. Yaani unaambiwa wewe ni bidhaa hafifu kwa sababu umezaliwa ulipozaliwa.

Vilabu vilikuwepo. Melbourne Club ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30, imeanza 1838, lakini hiyo ilikuwa ya mabwana wenye mifugo na mahakimu. Kulikuwa na vyama vya kusaidiana vilivyoletwa kutoka Uingereza, Oddfellows, Foresters na wenzao, vyenye mishipi ya rangi begani, nywila za mlangoni na viapo. Vijana wakaona hivyo vyote ni vya baba zao. Aprili 1871 wakakutana Melbourne wakaanzisha chao. Sharti kuu la kuingia: uwe umezaliwa hapa.

Mwanzoni jina lilitaja wazawa wa Victoria peke yake. Mwaka uliofuata wakalibadili, wakaandika Australia. Kumbukeni wakati huo hakuna nchi inayoitwa Australia! Kuna makoloni sita, kila moja na bunge lake, stempu zake na ushuru wake wa forodha. Vijana wachache wenye daftari la shilingi wakajipachika jina la nchi ambayo haijazaliwa.

Naendelea baadaye, kuna mteja dukani.

Kijiwe Nongwa

Mzee wangu, yaani umetoka kwenye msiba wa mkwe ukatua Australia? Haya, niko pale nimekaa na karanga zangu.

Mama Wawili

Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa VICOBA, nataka upande wa hela kwanza. Walichanga kiasi gani, na ukiumwa unapata nini? Siasa baadaye.

Mhazini Mstaafu

Marahaba mama. Swali la mtu anayejua daftari.

Kwa vyama vya aina hii kipindi kile, kawaida ilikuwa mchango wa kama shilingi moja kwa wiki. Ukiugua ukashindwa kazi, unalipwa kama pauni moja kwa wiki kwa nusu mwaka wa kwanza, halafu inashuka nusu, halafu inashuka tena. Ukifa, pauni 20 hivi za mazishi. Na kuna daktari wa chama: analipwa kwa idadi ya wanachama kwa mwaka, wewe uumwe mara kumi au usiumwe kabisa, yeye malipo yake ni yale yale. Madaktari walinung'unikia mfumo huo miaka nenda rudi.

Kumbuka hakuna bima ya serikali, hakuna likizo ya ugonjwa. Seremala akivunjika mkono leo, Jumamosi hana mshahara. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 alikuwa na sababu nzito ya kuingia chama, kabla hujamwambia habari za taifa.

Walikuwepo pia watembelea wagonjwa. Kazi yao kwa jina ni kumpelekea mgonjwa pesa yake na kumfariji. Kazi yao nyingine ni kuhakikisha mgonjwa yuko kitandani kweli, hayuko baa.

Kijiwe Nongwa

😂😂 Hao watembelea wagonjwa tungekuwa nao chama chetu, nusu ya wagonjwa wangepona wiki hii.

Mhazini Mstaafu

Tuendelee. Tofauti ya hawa vijana na vyama vya baba zao ilikuwa mbili. Kwanza walitupa mishipi na nywila. Hakuna kiapo, hakuna siri. Pili, mkutano wa kila wiki mbili ulikuwa na sehemu mbili: shughuli za daftari, kisha darasa. Mwanachama anasoma makala aliyoandika mwenyewe, wenzake wanamchambua. Au mdahalo. Au wanajifanya bunge, huyu waziri mkuu, huyu upinzani, huyu spika.

Hebu mwone kijana mmoja. Mchana ni karani, anasimama nyuma ya kaunta anamwita kila mtu "bwana". Usiku, kwenye ukumbi wa kukodi, taa ya gesi inazomea ukutani, anasimama kwa mara ya kwanza mbele ya watu 30. Karatasi inatetemeka. Anasema dakika tano, anakaa, mwenzake anasimama kumkosoa kwa heshima ya kibunge: "mheshimiwa aliyetangulia amekosea". Mpe miaka kumi ya kufanya hivyo kila wiki mbili. Unapata mtu anayeweza kusimama popote.

Na walikuwa na starehe pia, msidhani ni makatibu kata watupu. Michezo, pikiniki, dansi, karamu za kunyanyua glasi na hotuba ndefu.

Jambo moja nawapa sifa bila kusita. Victoria ya wakati ule ilikuwa imegawanyika Mkatoliki huku, Mprotestanti kule, hata vyama vya kusaidiana vilijigawa hivyo. Hawa walisema dini ya mtu haituhusu. Isaac Isaacs, mtoto wa fundi cherehani Myahudi aliyetoka Poland, kazaliwa Melbourne 1855, alikuwa wa kwao. Mwaka 1931 ndiye akawa Gavana Mkuu wa kwanza aliyezaliwa Australia.

Shina la kwanza lilikuwa Melbourne, kisha miji ya dhahabu, Ballarat na Bendigo, ndipo chama kikawaka hasa.

Wakili Pembeni

Mkuu, hongera kwa uzi. Lakini unazunguka mbuyu. "Natives" hilo neno sisi tunalijua vizuri sana, tumelikuta kwenye kila sheria ya Mwingereza Tanganyika: Native Authority, Native Court. Native alikuwa ni babu yangu. Sasa huko Australia Wazungu wanajiitaje natives? Na Waaborijini, wenye nchi, walikuwemo kwenye chama au la?

Mhazini Mstaafu

Hawakuwemo, wakili. Na swali lako ndilo limenifanya niandike.

Kiswahili kina maneno mawili na Kiingereza cha wale vijana kilikuwa na moja. Mzawa ni aliyezaliwa mahali. Mwenyeji ni mwenye mji, yule unayemkuta, yule unayempigia hodi. Mtoto wa mgeni anaweza kuwa mzawa asubuhi aliyozaliwa. Uenyeji ni kitu kingine. Sisi wenyewe tulishagombana juu ya neno "uzawa" miaka ya 90, tunajua linavyochoma. Neno "native" la Kiingereza linabeba vyote viwili kwa pamoja, na chama kile kilipanda juu ya mkanganyiko huo. Walisema "sisi ndio natives", wakimaanisha tumezaliwa hapa, na masikio ya watu yakasikia pia: sisi ndio wenye mji.

Na wenye mji walikuwa hai, wanaonekana. Kilomita kama 60 kutoka Melbourne kulikuwa na makazi ya Coranderrk, ambako Waaborijini wa Kulin walijijengea nyumba, wakalima hopu, maua ya kutengenezea bia, zilizopata zawadi kwenye maonyesho. Mzee wao William Barak, Mwurundjeri, alikuwa mtoto mdogo mwaka 1835 walowezi walipofika na kudai wamenunua ardhi ya Melbourne kwa mablanketi, shoka na vioo. Barak alikuwa akitembea kwa miguu na wenzake kutoka Coranderrk hadi mjini kuwaona mawaziri, wasinyang'anywe shamba. Amekufa 1903. Maana yake, miaka yote vijana wanajadiliana ukumbini nani ni mzawa, mwenyeji mwenyewe yuko barabarani, anakuja na ombi mkononi.

Mwaka 1886 bunge la Victoria likapitisha sheria ya kuwatoa kwenye makazi hayo wenye damu mchanganyiko walio chini ya miaka 34. Familia zikakatwa katikati. Waziri ambaye mambo hayo yalikuwa chini ya ofisi yake mwaka huo alikuwa kijana wa miaka 30, msomaji mkubwa, mpole, mtoto wa Melbourne: Alfred Deakin. Lishikeni jina hilo.

Binti wa Njombe

Mzee samahani naingilia. Hao ANA ndio waliopigia debe ua la njano la Australia? Nauliza kwa sababu miwati yetu ya Njombe nilisikia imetoka huko.

Mhazini Mstaafu

Ndio hao hao, na miwati yako ni binamu wa ua hilo. Jamii ya migunga ile. Mti walioufanya alama ni mwati wa dhahabu, unachanua njano mti mzima. Mwaka 1890 huko Adelaide mtu wa chama, William Sowden, alianzisha umoja wa kuvaa ua hilo kifuani, ili mzawa awe na ua lake kama Mwingereza alivyo na waridi. Mwaka 1910 ikaanza siku maalumu, tarehe 1 Septemba. Ila kuwa ua rasmi la taifa, ilibidi lisubiri hadi 1988. Wa kwenu Njombe, na ule wa Lushoto na nyanda za juu Kenya, ni mwati mweusi, uliletwa kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Asili yake ni kusini mashariki mwa Australia.

Binti wa Njombe

Babu yangu alikuwa anamenya magome hayo kwa mkataba, mikono ilikuwa rangi ya kahawia mpaka anakufa. Asante mzee.

Mhazini Mstaafu

Pole na asante kwa hiyo.

Sasa siasa. Kwa katiba yao hawakutakiwa kufungamana na chama chochote cha siasa. Lakini ukiwafundisha vijana mdahalo miaka 10, hawatajadili bei ya jeneza milele.

Kilichowatia moto kwanza ni Mjerumani. Mwaka 1883 koloni la Queensland lilijitwalia upande wa mashariki wa New Guinea, ng'ambo ya mlango wa bahari, kwa kuhofia Wajerumani. London ikakataa, ikasema koloni halina ruhusa ya kujitwalia nchi. Novemba 1884 Mjerumani akapandisha bendera kaskazini mashariki ya kisiwa hicho. Wazawa wakapandwa na hasira: London inatuuza!

Kaka Mkubwa Tanga

Subiri hapo. Novemba 1884? Ndio mwezi Karl Peters yuko Usagara anawagongesha machifu mihuri kwenye mikataba wasiyoielewa.

Mhazini Mstaafu

Umeona eh? Mwezi ule ule. Berlin ilikuwa na njaa. Ila tofauti iko hapa: sisi tulikuwa chakula, wao walikuwa wanalalamika hawakukaribishwa mezani.

Mwaka 1888 ni Wachina. Meli Afghan ilifika Melbourne na Wachina zaidi ya 200, wakazuiwa kushuka, ikaenda Sydney, kule nako fujo. Chama, chini ya wakili mmoja mwenye mdomo aitwaye James Purves, kilikuwa upande wa kuzuia. Wachina walikuwepo machimboni tangu miaka ya 1850, wana watoto waliozaliwa Victoria, wazawa kwa kila kipimo cha cheti cha kuzaliwa. Hao nao hawakuhesabiwa. Chama kilikuwa cha wazawa weupe, hata pale ambapo jina halikusema.

Sasa njooni kwenye shirikisho. Makoloni sita, ushuru kwenye kila mpaka. Reli ya Sydney na reli ya Melbourne zilikutana Albury mwaka 1883, lakini upana wa reli haufanani, kwa hiyo abiria anashushwa usiku na masanduku yake, baridi inapiga, anavuka jukwaa kupanda treni nyingine. Wanasiasa walikutana 1891, wakaandika rasimu ya katiba, mabunge yakaitupa kabatini.

Mwaka 1893 watu wa mpakani na matawi ya ANA wakaitisha mkutano Corowa, mji mdogo kando ya mto Murray. Siku ya pili, wanaanza kuchoka na hotuba, wakili wa Bendigo John Quick akaandika azimio fupi: tusiwasubiri wanasiasa, wananchi wenyewe wawachague wajumbe wa kuandika katiba, na katiba ipigiwe kura na wananchi. Ndiyo njia iliyokuja kufuatwa. Na huyu Quick, aliyewapa wazawa ufunguo wao, alizaliwa Cornwall! Aliletwa mchanga, akaanza kazi za viwandani na machimboni tangu umri wa miaka 10.

Mchumi wa Mtaa

Naomba kupinga kidogo mkuu. Usikipe chama sifa zote. Mwaka 1893 ndio benki za Melbourne zilifunga milango moja baada ya nyingine. Watu walipoteza akiba. Ushuru wa mipakani ulikuwa unawanyonga wafanyabiashara. Shirikisho lililetwa na tumbo, si na midahalo ya makarani.

Mhazini Mstaafu

Nakubali nusu. Tumbo lilisukuma. Lakini tumbo halipangi viti, halisambazi vipeperushi, halisimami getini siku ya kura. Hebu sikia habari ya Bendigo.

Machi 1898. Rasimu ya pili iko mwishoni kabisa kuandikwa Melbourne. Victoria inasuasua. Gazeti la The Age la David Syme, lililokuwa na nguvu za kumwangusha waziri, halijaunga mkono. Waziri Mkuu wa koloni, George Turner, anapima upepo. Tarehe 15 ANA wana karamu ya mkutano wao wa mwaka Bendigo. Isaacs, wa kwao, mwanasheria mkuu, akasimama akawaambia taratibu, tusiwe na haraka. Ukumbi ukapoa.

Usiku umeshaenda, Deakin akainuka. Alikuja kwa treni kutoka kwenye vikao vya katiba, mtu mrefu mwenye ndevu, sauti ya kuimba. Hakuwabembeleza. Aliwaambia kazi itakuwa ngumu, maadui ni wengi na wana nguvu, na kama chama hiki hakitasimama hakuna mwingine wa kusimama. Akamaliza na beti za mshairi aliyekuwa amefariki hapo hapo Bendigo miezi michache kabla. Watu wakapanda juu ya viti. Baada ya usiku ule Turner alielekea upande wa ndiyo, na The Age nayo ikafuata.

Juni 1898 Victoria ikapiga kura: ndiyo 100,520, hapana 22,099. New South Wales, koloni la Sydney, haikufikisha idadi ya kura za ndiyo iliyowekwa, ikabidi kurudia 1899. Awamu hiyo Victoria ndiyo 152,653, hapana 9,805. Matawi yalikuwa na watu kila mji mdogo. Ukiwa na wanachama 17,000 (ndiyo hesabu yao mwaka 1900, wengi Victoria) waliozoea kusimama na kusema, hiyo ni mashine, mchumi.

Tarehe 1 Januari 1901 nchi ikazaliwa.

Mchumi wa Mtaa

Hapo nimekuelewa. Bado tumbo lilikuwepo lakini.

Wakili Pembeni

Na mlango ukafungwa lini?

Mhazini Mstaafu

Mwaka ule ule. Deakin sasa ni Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa shirikisho. Sheria ya uhamiaji ya 1901 haikutaja rangi popote. Ilisema tu afisa bandarini anaweza kumpa mgeni imla ya maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya. Unajua Kiingereza vizuri? Basi tunakupa Kijerumani. Wajua Kijerumani? Kiswidi. Mbinu yenyewe waliikopa kutoka sheria ya Natal ya 1897, huku kwetu Afrika, iliyotungwa kuwazuia Wahindi.

Deakin hakusema Wajapani ni duni. Alisema bungeni kwamba wazuiwe kwa sababu ya sifa zao, bidii na uvumilivu, ndizo zinazowafanya wawe hatari kwa mfanyakazi mweupe. Nimekisoma hicho kipande mara nyingi na bado sijui nikiite unyofu au nini.

Halafu sheria ya kura ya 1902. Hii wakili itakupendeza. Iliwapa wanawake kura nchi nzima, mapema kuliko karibu dunia yote. Na kifungu kinachofuata kinasema hataandikishwa "native" wa asili wa Australia, Asia, Afrika au visiwa vya Pasifiki, isipokuwa New Zealand, labda kama tayari alikuwa na haki ya kura kwenye jimbo lake. Afrika imo, imetajwa kwa jina. Neno ni lile lile la kwenye bango la chama. Kwenye bango linamaanisha mwenye nchi. Kwenye sheria linamaanisha asiye na kura.

Kijiwe Nongwa

Sasa hapo karanga zimeniishia na sina hamu tena.

Kaka Mkubwa Tanga

Imla kwa lugha yoyote 😳 Mimi wangenipa Kifini ningerudi na meli hiyo hiyo.

Mhazini Mstaafu

Kuna aliyewasumbua. Mwaka 1934 alifika Egon Erwin Kisch, mwandishi wa habari wa Prague, mpinga Hitler, serikali haimtaki. Akazuiwa asishuke melini. Akaruka kutoka sitahani hadi gatini Melbourne, akavunjika mguu. Alijua lugha kadha wa kadha za Ulaya, kwa hiyo wakamtafutia ambayo hakika hana: Kigeli cha Uskoti. Kesi ikafika mahakama kuu, majaji wakasema hicho hakihesabiki kuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Waskoti walikasirika kuliko yeye. Imla ilifutwa 1958.

Chama chenyewe kilizeeka taratibu. Kilipigania sana tarehe 26 Januari, siku Waingereza walipotua Sydney 1788, iwe sikukuu ya nchi nzima, na hilo likafanikiwa. Mwaka 1938, siku hiyo hiyo, Waaborijini wakiongozwa na Jack Patten, William Ferguson na mzee William Cooper walikutana Sydney kuifanya siku ya maombolezo. Wanawake waliruhusiwa kuwa wanachama kamili wa ANA mwaka 1964. Mama Wawili, usinitazame mimi. Mwaka 1993 wakaungana na Manchester Unity, moja ya vile vyama vya baba zao vyenye mishipi, ikawa kampuni ya bima ya afya inaitwa Australian Unity. Ipo mpaka leo, inauza bima.

Mama Wawili

1964! Daftari la michango wangetupa sisi tangu 1871 wangefika mbali zaidi. Lakini nimeelewa kitu: wao walipoishiwa siasa walirudi walikoanzia, kwenye ugonjwa na mazishi.

Uvira hadi Brisbane

Bandugu, jambo. Nasoma tu siku zote, leo naandika. Mimi ni Mkongo, tulikaa Nyarugusu miaka 11, sasa niko Australia. Uraia walitupa tarehe 26 Januari, ndiyo siku wanapenda kuitoa. Tulikuwa kwenye ukumbi, Wanepali, Wasudani, Wairaki, sisi. Mama mmoja wa Kiaborijini alikuja kwanza kutukaribisha kwa lugha yake, kisha meya. Nje kulikuwa na watu wamesimama na mabango kwamba siku ile ni ya msiba. Mimi sikujua nifurahi vipi, nikafurahi kwa kiasi.

Halafu kila raia mpya wanamupa mche katika kikopo cha plastiki. Wangu ulikuwa mwati. Kwenye kibandiko wameandika jina la mti, na chini yake: "native".

Wakili Pembeni

Kaka, hebu sema uliupanda.

Uvira hadi Brisbane

Niliupanda kando ya uzio. Mwaka wa pili ukatoa maua, mke wangu akapata mafua ya vumbi lile la njano, mpaka leo anauliza nitaukata lini.

Binti wa Njombe

Usiukate kaka. Ila ukae mbali na bomba la maji, mizizi yake haina adabu.

Kijiwe Nongwa

Mzee Mhazini, tumezunguka dunia nzima. Mkwe je? Chama kilimzika?

Mhazini Mstaafu

Kura 11 kwa 9. Tulitoa nusu, na lori la kubebea viti. Katibu bado hanisalimii.